Shajara ya mchezo wa redio: kishindo kinaanzia miguuni

11 Januari

Leo tumekubaliana. Mchezo utakuwa na sehemu sita, kila sehemu dakika kumi na tano, na utahusu uvuvi wa baruti. Tulikaa watu saba kwenye chumba cha habari cha redio yetu ya jamii hapa Tanga, na hoja iliyotuchukua muda ilikuwa moja tu: kwa nini mchezo, na si mahojiano?

Mahojiano tumeshafanya mengi. Afisa uvuvi anakuja, anaeleza kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za ufukweni, anaunga mkono. Wasikilizaji watatu wanapiga simu, nao wanaunga mkono. Muda unakwisha. Anayepiga baruti hapigi simu. Lakini nyumbani kwake redio ipo, mkewe anaisikiliza akipika, mama yake anaisikiliza akikaanga samaki. Mimi nataka kuingia katika nyumba hiyo, na kwa mahojiano sijawahi kuvuka kizingiti.

Nimepewa kuandika na kusimamia uigizaji. Fundi mitambo wetu atashika sauti. Vifaa: maiki mbili, rekoda moja ya mkononi, miksa ya zamani, kompyuta yenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Kwa kazi hii vinatosha.

14 Januari

Nimeanza na watu kabla ya kisa. Sisi wa rika langu tumelelewa na mchezo wa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, kisha mwaka 1993 ikaja Twende na Wakati, na dereva wa lori aitwaye Mkwaju akaingia kila sebule. Mkwaju alikuwa na wanawake kila kituo cha njiani, na UKIMWI ukamkuta. Hadi leo namkumbuka, kwa sababu ilikuwa raha kumsikiliza. Hakuna aliyemwandika kama shetani.

Mchezo ule ulipimwa vizuri. Hadi mwaka 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha, kilirusha vipindi vingine, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Kwa waliousikia, uzazi wa mpango ulipanda zaidi. Utaratibu wenyewe ulitoka Mexico kwa Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni, na msingi wake ni wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na yule wa katikati anayeyumba. Huyu anayeyumba ndiye anayebeba mchezo. Msikilizaji anayumba naye.

Basi wangu anaitwa Kombo. Ana miaka 22, hana chombo, anavua kwa chombo cha watu na mgawo wake ni wa mwisho. Mama yake, Bi Mgeni, anakaanga samaki na kuuza barazani. Mjomba wake, Bakari, alikuwa mpiga baruti enzi zake na ilimkata kiganja cha kulia. Kuna mtu wa nne anayekuja usiku na mfuko. Huyo sitampa jina. Atajulikana kwa kengele ya baiskeli yake, maana mji wetu ni wa baiskeli na kila mtu hapa anajua kengele ikipigwa saa nane za usiku si ya muuza mkate.

23 Januari

Nimekwama siku nne kwenye mkono wa Bakari.

Kwenye filamu ungemwonyesha tu, ukamaliza. Kwenye redio kiganja kisichokuwepo hakina mlio. Katika rasimu ya kwanza nilimwandikia Kombo: "Mjomba, tangu ulipokatika mkono wa kulia kwa baruti mwaka ule..." Nikaifuta palepale. Hakuna mpwa anayemtangazia mjomba wake jambo ambalo wote wawili wanaliona kila asubuhi kwenye chai.

Jana usiku kulikuwa na harusi mtaa wa pili, huku kwetu Ngamiani. Nilikuwa nimelala, dirisha wazi, nasikia ngoma na makofi. Makofi ya watu wengi yakishakubaliana huwa kitu kimoja, kama mchi. Nikajiuliza: Bakari angekuwa pale angefanya nini? Asingekaa kimya, ni mtu wa ngoma. Angepiga paja.

Ndiyo hiyo. Sehemu ya kwanza inafunguka kwenye harusi. Makofi makali, ya juu, na ndani yake pigo moja zito la kiganja juu ya kikoi, likienda na mwendo uleule. Halafu mtoto mdogo anauliza, "Babu, mbona makofi yako hayalii?" Wakubwa wananyamaza kidogo, ngoma inaendelea. Hakuna anayeeleza. Na tangu hapo, popote litakaposikika paja likipigwa, msikilizaji atajua Bakari yupo chumbani hata kama hajasema neno.

Nimeandika kurasa tisa leo.

29 Januari

Siku ya kutafuta milio. Tumejaza studio vitu vya jikoni: beseni, kafi ya kuazima, matambara yaliyolowa kwa ajili ya miguu kwenye tope la mikoko, ungo wenye choroko kwa ajili ya mawimbi. Ukiinamisha ungo taratibu, choroko zikateremka upande mmoja kisha mwingine, unapata bahari nzuri sana, na vitabu vya kazi hii huisifu.

Mzee mmoja mvuvi wa Sahare, ambaye amekubali kuwa mshauri wetu, alisikiliza kwa ustaarabu hadi mwisho. Akasema, "Mwanangu, hii bahari umeitoa wapi? Hii inavunja ufukweni. Kombo wako yuko ndani, juu ya mwamba, usiku, kaskazi imelala. Pale maji hayasemi hivyo. Pale maji yanalamba ubao."

Choroko zimerudi jikoni. Tutakwenda baharini.

Nilimweleza mzee kwamba mchezo unaotajwa kuwa wa kwanza kuandikwa mahsusi kwa redio, Danger wa Richard Hughes, uliorushwa na BBC tarehe 15 Januari 1924, uliwaweka watu ndani ya mgodi wa makaa ya mawe huko Wales, taa zimezimika. Mwandishi aliona kwamba msikilizaji haoni, basi akawatia gizani na wahusika wenyewe. Mzee alitafakari, akasema wapiga baruti nao hawawashi taa.

6 Februari

Maji mafu leo, tulichagua makusudi ili mkondo usitupe shida. Tumetoka Sahare kabla ya alfajiri kwa ngalawa: mzee, kijana wake kwenye tanga, fundi mitambo na mimi. Maiki tumeivalisha soksi mbili na juu yake kipande cha khanga kuzuia upepo. Nyingine tumeilaza chini kabisa, ndani ya ngalawa, kwenye mbao.

Ile ya chini ndiyo iliyotupa hazina. Maji kweli yanalamba. Kuna mlio mdogo, kama mtu anayeonja mchuzi, halafu ubao unajibu kwa kugutuka. Na mrengu, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, unapogusa maji upande wa pili unasikika kama mtu amepita nyuma yako. Dakika arobaini tumerekodi bila kusema.

Kulipokucha mzee aliagiza tanga lishushwe, akaanza kueleza, na sikuzima rekoda.

Nilikuwa nimeandika kwenye skripti: MLIPUKO MKUBWA. Nilifikiria kishindo kama cha sinema. Mzee akasema mtu aliye mbali na baruti haisikii hivyo. "Unaisikia miguuni kwanza. Umekaa hivi, unafunga mshipi wako, mara chombo kinagongwa chini. Ko! Kama mtu yuko ndani ya maji na nyundo. Unatazama wenzako, hakuna anayesema kitu. Halafu ndiyo linakuja masikioni, du, kutoka kule." Akanyoosha kidole. "Baina ya hilo la miguuni na hilo la masikioni, hapo ndipo moyo unaposimama, kwa sababu ushajua."

Nilimuuliza kama wakati ule walikuwa wanajua ni nani. Akasema walikuwa wanajua, na ndilo lililokuwa zito. Walikuwa watoto wa watu waliokuwa wakisali nao.

Tulirudi kwa kafi. Sikuwa na la kuongeza.

8 Februari

Nimepiga hesabu, na mzee yuko sahihi. Sauti katika maji huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde, hewani mita 340 hivi. Kwa chombo kilicho umbali wa kilomita moja, pigo la kwanza linafika chini ya mbao kabla ya sekunde moja kutimia, na kishindo cha hewani kinafika karibu sekunde ya tatu. Katikati yake kuna sekunde mbili na kidogo.

Sekunde mbili hizo nimeziandika kwenye skripti kwa herufi kubwa: KIMYA. Si muziki, si pumzi za mtu, si mawimbi. Maji yenyewe yananyamaza. Najua si kweli kwamba maji hunyamaza, lakini sikio la mtu aliyeshtuka halisikii maji.

Ndiyo kitovu cha mchezo mzima sasa. Kombo atakuwa kwenye ngalawa ya halali, na pigo litamkuta akiwa na mshipi mkononi, siku mbili baada ya yeye mwenyewe kukataa mfuko wa yule bwana wa baiskeli. Katika sekunde mbili hizo anajua kwamba mwingine hakukataa.

Mlio tumeutengeneza leo na umetuchukua saa tano. Tulipata kipande cha mtumbwi mkongwe kwa fundi seremala, tukakizamisha nusu ndani ya pipa la maji, maiki ikabanwa upande mkavu, fundi akagonga upande wa chini kwa mchi uliofungwa khanga. Mara ya kwanza ilikuwa kama mlango. Mara ya kumi kama ngoma. Tukapunguza maji. Tukaongeza. Tukavua khanga, tukafunga gunia la katani badala yake. Mara ya ishirini na kitu, kijana anayetuletea chai alikuwa amesimama mlangoni, akaweka birika chini na kutazama sakafu. Tukasema hiyo hiyo.

20 Februari

Mazoezi. Bi Mgeni anaigizwa na dada aliyesoma Bagamoyo, TaSUBa, kile chuo kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Ana kipaji cha kutisha. Shida yetu ya siku mbili za kwanza ilikuwa kwamba amefunzwa kumfikia mtu wa kiti cha nyuma, na maiki ni mtu aliyelala pembeni yako. Tulimkalisha kwenye kigoda, kikaango kitupu mbele yake, maiki usawa wa kifua, tukamwomba asimwambie mtu yeyote, awaambie samaki. Sauti ikashuka mpaka nikaona aliyemwigiza Kombo ameinama kumsikia. Ndivyo mama anavyosema na mtoto aliyerudi alfajiri na pesa ambazo hazina maelezo.

Vijana wawili wana tatizo la kuongea kitangazaji. Wakiona maiki tu, wanasema "hali kadhalika" na "kwa upande wangu". Nimewanyang'anya karatasi. Wanasema kwa maneno yao, tunarekodi, halafu narekebisha skripti ifuate walivyosema. "Yakhe" zimerudi zenyewe.

5 Machi

Ramadhani imeingia. Tunarekodi baada ya tarawehi hadi karibu na daku, na ni wakati bora kuliko yote: bodaboda chache, jenereta ya jirani imezimwa. Tumetandika magodoro ukutani na mablanketi juu ya meza.

Saa nane usiku, katikati ya ugomvi mkubwa wa Kombo na mjomba wake, watoto wa daku wakapita barabarani na makopo yao. Waigizaji hawakukatisha. Bakari alisubiri wapite, kisha akasema sentensi yake kwa sauti ya chini zaidi kuliko tulivyofanya mazoezi, kama mtu anayechelea majirani walioamka. Tumeiacha. Sehemu ya tatu sasa inatokea mwezi wa Ramadhani, na nimebadilisha mistari minne tu ili ikae.

Umeme ulikatika mara mbili, mara ya pili ukachukua dakika kumi na moja za kazi. Tangu leo tunahifadhi kila baada ya onyesho moja.

15 Machi

Tumepeleka sehemu mbili za kwanza Deep Sea, sokoni, tukawasikilizisha akina mama wanaokaanga, kwa spika ndogo juu ya ndoo. Hawa ndio mahakimu niliokuwa nawaogopa.

Mmoja alinyoosha mkono tusimamishe. "Huyo Bi Mgeni anajuaje samaki ni wa baruti? Mmemfanya anaambiwa na mtu. Haambiwi. Anamshika tu." Akachukua changu mmoja mezani kwake, akanionyesha. Samaki mzima ukimbonyeza, nyama inarudi. Wa baruti nyama imelegea, ukimpasua damu imejaa ndani, uti wa mgongo umevunjika, na jioni keshaharibika. Ndivyo ilivyo: mshindo wa maji hupasua kibofu cha hewa cha samaki na mifupa midogo, na wengi huzama chini wasiokotwe na yeyote.

Nikamwambia, shangazi, kubonyeza hakusikiki redioni. Akafikiri kidogo. Akachukua kisu, akapitisha kwenye mgongo wa yule changu, tukasikia kikikwaruza na kukwama. "Huyu mzima. Yule mwingine kisu kinapita tu."

Sehemu ya pili tumerekodi upya onyesho zima. Kisu kinakwaruza, kinakwaruza, kinakwaruza. Kisha samaki aliyeletwa na Kombo: kisu kinapita. Bi Mgeni haongei. Anaweka kisu chini na kuzima jiko.

Wameniuliza pia kama nitaweka silikanti, yule samaki wa kale. Wengi wanategemea hivyo, kwa kuwa nyavu za hapa kwetu zimemtoa mara kadhaa, na tangu 2009 tuna hifadhi ya bahari inayobeba jina lake. Nampenda sana samaki huyo. Lakini ni mkubwa mno kwa mchezo huu, atamfunika changu, na kisa changu ni cha changu na tasi, wale wanaoliwa leo usiku.

10 Aprili

Alhamisi. Tumeanza kurusha baada ya Idi, na leo ilikuwa zamu ya sehemu ya nne, ile ya pigo la chini ya maji. Nilikuwa nyumbani na redio juu ya meza, nimezima simu.

Kombo anavuta mshipi. Maji yanalamba. Ko.

Kimya. Na kabla sekunde ya pili haijatimia, taarabu.

Mtangazaji wa zamu alidhani redio imenyamaza. Amefunzwa hivyo na amefunzwa vizuri: hewani kukiwa kimya, jaza, kwa sababu msikilizaji anahama. Alipandisha muziki haraka, kisha alipogundua mchezo unaendelea akaushusha, na kishindo cha pili kikaangukia katikati ya kinanda. Nililia, sitaficha. Miezi mitatu, saa tano za pipa, alfajiri ya mzee yule, vyote vilikuwa vimeegemea sekunde mbili hizo.

Kosa ni langu. Sikuwaandikia watu wa zamu. Nimekwenda usiku huuhuu kumwambia asijilaumu, na tumebandika karatasi kwenye kioo cha studio: SEHEMU YA 4, DAKIKA YA 9: KIMYA NI CHETU. USIGUSE.

13 Aprili

Marudio, Jumapili saa kumi na moja jioni. Mvua za masika zimeanza na vyombo vingi havikutoka, kwa hiyo baraza la Sahare lilijaa. Nimekwenda na redio yangu, lakini walikuwa nazo mbili tayari, zote kwenye masafa yetu. Mzee alikuwa kwenye benchi la mbele, miguu peku, bao mbele yake. Waliokuwa wakicheza waliendelea kucheza. Sehemu ya kwanza ya onyesho walizungumza juu yake, na mmoja akamsahihisha Kombo anavyofunga chambo.

Maji yakaanza kulamba. Mkono wa mchezaji mmoja ulikuwa umejaa kete, ukabaki hewani.

Ko.

Mtangazaji hakugusa kitu. Katika ukimya ule nilimtazama mzee. Alikuwa ameinua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni, na hakuishusha mpaka kishindo cha pili kilipofika.

Kesho tunarekodi sehemu ya sita. Bado kurasa nne, na sijaamua kama Bakari atapiga paja mwishoni.